Mtoto Asiyekuwa Kwenye Orodha

Kambini, 9 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Tumefika salama, ila mifupa bado inalalamika. Siku mbili juu ya lori, tumekalia magodoro yetu wenyewe, mapacha wakitapika kwa zamu, mmoja akimaliza mwenzake anapokea. Koplo wangu alikaa mbele na dereva, eti anaangalia njia. Barabara yenyewe ni moja tu, dada, haina hata kona. Sijui alikuwa anaiangalia nini.

Kota yetu ni namba kumi na nne. Vyumba viwili, jiko, na choo cha ndani ambacho mlango wake ni pazia. Kabla hatujaingiza hata ndoo, sajenti wa kota alikuja na karatasi akahesabu vioo vya madirisha, bomba, balbu, mpaka misumari ukutani. Misumari kumi na mmoja. Koplo akasaini kwamba ameipokea. Siku ya kuondoka itahesabiwa tena, naye atasaini kwamba amekabidhi, na bila saini hiyo hakuna familia inayotoka getini. Nilimwambia sajenti nikipigilia wa kumi na mbili itakuwa zawadi yangu kwa serikali. Hakucheka.

Simu zimekusanywa getini, za wanajeshi na za wake zao, kila moja kwenye mfuko wenye jina. Kwa hiyo tumerudi kwenye barua, kama enzi za mama. Zinakuja na kwenda na lori la vyakula kila baada ya wiki mbili, na zote zinapita kwa karani wa kambi zikiwa wazi. Karani, kama umefika hapa, salamu zako.

Sasa mwanangu. Nilimwacha amepakwa dawa nyeupe uso mzima, na hata hakunililia, alikuwa anabishana na wewe kuhusu soksi. Simlaumu sajenti wa safari aliyemkataa. Asingeweza kupakia mtoto mwenye tetekuwanga kwenye lori la familia nne. Lakini lilipoondoka nikamwona amesimama na wewe pale barabarani, nilijuta kuzaliwa. Ni wiki mbili tu. Vipele vikikauka mpandishe kwenye lori la vyakula, Koplo ameshaongea na dereva, na muuguzi mmoja wa kambi atasafiri naye. Cheti chake cha kuzaliwa nilikuachia kwenye mfuko wa bluu, pamoja na kadi ya kliniki. Aje nacho.

Akinyamaza hata dakika mbili mpeleke hospitali. Hatukumwita Chiriku bure.

Mdogo wako


Nyumbani, 24 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nashukuru mmefika. Mapacha waache kutapika sasa, mwambie shemeji naye ashuke mbele awasaidie.

Chiriku hajambo. Vipele vimekauka vyote isipokuwa kimoja juu ya nyusi, alichokikwangua nikiwa naingiza uzi kwenye sindano. Kitaacha alama. Samahani kwa hilo. Mimi niko kwenye sare, unajua msimu huu ulivyo. Sketi sitini na suruali arobaini kabla shule hazijafunguliwa, na cherehani linakata uzi kila baada ya pindo moja. Mwanao anakaa chini ya meza anaokota pini na kuwahoji wateja. Juzi alikuja mwalimu mkuu kupima suruali yake mwenyewe, naye akamtangazia kwamba tumbo lake limekua tangu mara ya mwisho. Nikapima. Limekua.

Lori la wiki hii sikumpandisha. Kulikuwa na mvua, na mwili wake bado haujapata nguvu. Haraka ya nini, angoje kidogo.

Nimewashonea mapacha kaptula, zimo kwenye kifurushi. Nyeusi ya yule anayependa kukaa kwenye matope.

Dada yako


Kambini, 10 Machi

Dada,

Shikamoo. Kaptula zimewaenea, ahsante. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kwa furaha, ya pili nikitafuta habari za cheti, ya tatu nikiangalia kama nimeiruka. Hukuandika hata neno moja kuhusu cheti.

Nasema hivi kwa sababu yametupata mambo. Jumatatu nilikwenda ofisini kumwandikisha Chiriku ili akifika asizuiwe getini. Karani akafungua daftari lake, akaniambia, "Mama, nyumba yako ina watu wanne." Nikamwambia watano. Akaligeuza daftari nione mwenyewe. Koplo, mke, pacha wa kwanza, pacha wa pili. Chini yake saini ya Koplo.

Unamkumbuka yule mwanajeshi aliyepita na karatasi siku ya kupakia, akihesabu vichwa kwenye lori? Karatasi ile ndiyo imefanywa orodha ya familia yetu. Kwa jeshi mimi nina watoto wawili tu.

Nilimngoja Koplo mlangoni. "Ulisaini nini siku ile?"

"Mikate," akasema.

"Mikate ipi?"

"Ya njiani. Walisema wanahesabu watu wa kula. Tulikuwa wanne garini, nikasaini wanne."

"Kwa hiyo umemfuta mwanao kwa mikate."

Alikaa kitandani akashika kichwa kwa mikono miwili. Siku ile sikumhurumia, leo namhurumia kidogo. Ni mtu wa kutii, akipewa karatasi na afande anasaini kabla hajaisoma.

Inarekebishika. Kuna fomu ya kuongeza mtoto. Baba anasaini mbele ya karani, cheti halisi kikiwa mezani, karani anagonga muhuri, basi. Lakini kikosi chao kinapelekwa mbele tarehe thelathini mwezi huu. Hatujui ni kwa muda gani. Lori lijalo linafika huku tarehe ishirini na nne. Weka cheti kwenye bahasha leo hii, mtoto atafuata baadaye. Nakuomba, dada. Ukichelewa siku moja tumekwisha.

Mdogo wako


Nyumbani, 27 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini mnaendelea vizuri. Hapa tuko wazima. Cherehani limepata mkanda mpya na sasa linanguruma vizuri.

Cheti nimekitafuta. Mfuko wa bluu nimeuona, una kadi ya kliniki tu. Labda kilibaki kwenye vitu vyenu, pekua tena kwenye sanduku la vyombo. Ndiyo maana lori lililopita sikutuma kitu.

Chiriku nimemwandikisha shule ya hapa mtaani, darasa la kwanza, asikae bure huku wenzake wanasoma. Sketi yake nimeishona mwenyewe, nimeacha pindo kubwa la kushusha akirefuka. Mwalimu wake anamsifu kwa kusoma. Kwa kunyamaza hajamsifu bado. Anacheka, anakula, analala vizuri.

Mwambie shemeji aende na arudi salama.

Dada yako


Kambini, 12 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mapacha wana mafua, mimi sina kitu.

Koplo ameondoka tarehe thelathini kama ilivyopangwa. Siwezi kuandika ni wapi, karani atapapaka wino mweusi, basi namwokolea wino. Asubuhi ile tulipita ofisini mara ya mwisho. Koplo akamwomba karani amruhusu asaini fomu tupu, cheti kije baadaye. Karani akakataa. Akasema akifanya hivyo kwa mmoja, kesho watu watapanga foleni mpaka getini. Koplo hakubishana, si mtu wa kubishana. Akanishika bega, akawabeba mapacha mmoja mmoja, akapanda gari. Mpaka leo hakuna barua yake wala ya mwenzake yeyote. Wake wote tunaulizana, na kila mmoja anajifanya hana wasiwasi.

Sasa niambie kitu kimoja. Chekechea ya shule ile nilimwandikisha Chiriku mimi mwenyewe kwa miguu yangu. Walinirudisha nyumbani mara mbili kwa sababu sikuwa na cheti halisi. Wewe umemwandikisha darasa la kwanza kwa kitu gani?

Nakungoja. Huku ndiyo kazi yetu, kungoja. Nikitoka mlangoni naona kota namba ishirini na tano, nyuma naona uzio. Dukani kuna sabuni, kiberiti na biskuti za aina moja. Mapacha wameshajifunza kucheza geti: mmoja anasimama na kijiti, mwenzake anaomba kupita, anakataliwa, wanabadilishana zamu. Kota ya kumi na tano yupo mke wa fundi wa mitambo, mcheshi kweli, ametimiza miezi saba hapa na mume wake yuko mbele. Nilimuuliza kwa nini hakabidhi nyumba akarudi kwao. Akasema fomu ya kukabidhi ameshamtumia mumewe mara tatu aisaini, maana ile haihitaji karani, mwanajeshi anaweza kuisaini popote alipo. Hakuna iliyorudi. Alisema hivyo huku anaanika nguo, kama anataja hali ya hewa. Nilirudi ndani nikakaa sakafuni jikoni. Niliogopa, dada. Bado naogopa.

Na mimi nimemtumia Koplo ya kwangu, nakala mbili.

Mdogo wako


Nyumbani, 1 Mei

Mdogo wangu,

Umenikamata. Nilisahau kwamba wewe ndiye uliyempeleka chekechea.

Cheti ninacho, hakijapotea hata siku moja. Kipo ndani ya droo ya cherehani, chini ya kanda za kupimia. Sikukituma kwa makusudi na sitakituma. Unaweza kunitukana, nimekaa tayari. Mtoto hataingia nyuma ya geti lile maadamu niko hai.

Usiniulize sababu, maana hii barua inasomwa na watu wengine. Nakuapia tu kwamba sina nia ya kukunyang'anya mtoto. Kila mmoja mtaani anajua ni mwanao, na mimi ananiita mama mkubwa kama ilivyo.

Nimeweka dawa ya mafua ya mapacha. Kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Dada yako


Kambini, 16 Mei

Dada,

Leo sina shikamoo.

Uliniona mjinga. Mwezi mzima napekua sanduku la vyombo, natoa sufuria, narudisha sufuria, na wewe umekalia cheti cha mwanangu kwenye droo. Koplo angesaini. Alisimama pale mezani mkono uko tayari. Siku ile ndiyo ilikuwa siku, na wewe uliipitisha ukiwa unashona sketi za watoto wa watu!

Huna nia ya kuninyang'anya, sawa. Mwizi naye akikuchukulia mwavuli huwa hana nia mbaya na wewe, anaogopa mvua tu. Ungeniambia uso kwa uso kwamba hutaki, tungegombana kama kawaida yetu na ungeshindwa kama kawaida yako. Ukaona unidanganye. Mimi nilikuwa sijui kwamba wewe ni muongo, dada. Nilijua ni mkali, nilijua una amri, uongo sikuujua.

Basi sikiliza. Kama mtoto hawezi kuja kwangu, mimi nitamfuata. Nimejaza fomu ya kukabidhi. Misumari ni ileile, vioo ni vilevile. Kilichobaki ni sehemu moja tu chini ya karatasi, na unajua mkono wangu ulivyo mwepesi. Shuleni nilikuwa naiga mwandiko wa mtu yeyote. Nina barua za Koplo za enzi za uchumba, nimezitoa, nazisoma kila siku mapacha wakilala mchana. Mtu akisoma sana mwandiko wa mwenzake unamkaa mkononi. Karani naye asome, sijali tena.

Lori la mwezi wa saba mwanzoni nitakuwa juu yake.

Mdogo wako


Nyumbani, 30 Mei

Mdogo wangu,

Matusi nimeyapokea, yalikuwa yangu. Kuhusu mkono wako sitasema kitu. Nitakusimulia habari za familia moja niliyoijua, maana karani naye amechoka kusoma vipimo vya sketi. Isome mpaka mwisho, tafadhali. Usifanye lolote kabla hujafika mwisho.

Kulikuwa na mwanajeshi aliyehamishiwa kambi ya mbali na mke na mabinti wawili. Mkubwa alikuwa na miaka tisa. Mdogo alikuwa wa mgongoni. Mwezi wa pili tangu wafike, baba akapelekwa mbele. Wakakaa kwenye kota yao, mama na watoto, miezi kumi na mmoja. Mkubwa alikuwa amefika darasa la tatu, na kule hakukuwa na darasa. Alikuwa anachota maji na birika kwa sababu ndoo ilimshinda uzito, safari sita asubuhi na sita jioni, na kila safari anapita mbele ya geti na kuangalia nje. Hakuna mtu aliyewapiga wala kuwanyima chakula. Hakuna aliyewajibu tu. Mama yao alikuwa anakwenda ofisini kila siku amevaa nguo yake nzuri, anaambiwa njoo kesho, na kila siku nguo inazidi kuwa kubwa mwilini.

Siku moja mama akamwita mkubwa. Yeye mwenyewe hakujua kuandika. Akamwekea karatasi mezani na barua ya zamani ya baba, akamwambia, "Wewe unajua kuandika vizuri. Andika jina la baba yako kama anavyoandika yeye." Mtoto akaandika. Alijitahidi kuliko siku zote, na alijivunia sana ule mkia wa herufi ya mwisho. Kesho yake walitoka getini.

Mdogo alikua akiambiwa kwamba baba aliwatupa. Ndivyo mama alivyodhani, na mkubwa naye alidhani hivyo. Mpaka miaka mingi baadaye, mama ameshafariki, mkubwa akakutana na mtu mmoja aliyekuja kushonewa koti. Wakaongea, ikajulikana aliwahi kutumikia na yule baba. Akasema mwenzake alirudi. Alirudi wiki saba baada ya wao kuondoka, amekonda, mguu unaburuta, na zawadi za watoto ndani ya begi. Akakuta kota ina watu wengine. Akaenda ofisini akaonyeshwa karatasi ina saini yake. Aliitazama, akasema ni kweli, ni ya kwangu. Asingeweza kusema siyo, mke wake angeshtakiwa. Alielewa kwamba mwanamke aliyefika mpaka kumwibia mkono wake hakuwa tayari kumwona tena. Akaomba kuhamishwa mbali zaidi. Hakuwatafuta. Yule mteja alisema alifariki kambini hukohuko, hakuoa tena.

Mkubwa hakumwambia mdogo. Angeanzia wapi? Koti lile alilishona, mikono yote miwili ikatoka mifupi, akalifumua akalishona upya.

Ndiyo sababu hataki mtoto aingie, na ndiyo sababu hataki mtu asaini. Nimemaliza.

Dada yako


Nyumbani, 14 Juni

Mdogo wangu,

Lori limefika bila barua yako. Labda ilichelewa kufika ofisini. Chiriku hajambo. Tuandikie hata mstari mmoja.

Dada yako


Nyumbani, 12 Julai

Mdogo wangu,

Lori la tatu hili. Kila likija nasimama pale linaposhushia mizigo, nikiogopa kukuona umeshuka na nikiogopa kutokukuona. Dereva anasema hukupanda, na kwamba huko hakuna ugonjwa. Basi uko hai na hutaki kuniandikia. Una haki. Lakini niandikie.

Dada yako


Kambini, 25 Julai

Dada,

Shikamoo.

Barua hii haikupita kwa karani. Anakuja nayo muuguzi, yuko likizo wiki mbili. Kwa hiyo nitasema wazi.

Yule wa mgongoni nilimtambua kwenye mstari wa pili. Nilisoma mpaka kwenye zawadi za begini, nikashindwa, nikatoka nje nikazunguka uzio wote na mapacha wakinifuata nyuma wakidhani ni mchezo. Miaka thelathini na moja nimemchukia mtu aliyeturudia na mguu mbovu. Siku ya harusi yangu niliulizwa baba yuko wapi, nikasema sina. Wewe ulikuwa umesimama kando yangu, umenishikia maua. Ulijua?

Nilikukasirikia mpaka nikaumwa kichwa cha kweli. Halafu nikaanza kumfikiria yule mtoto wa miaka tisa na mkia wake wa herufi, na hasira haikupata pa kukaa. Mama ndiye aliyekuwekea karatasi. Ungekataa vipi? Sijakusamehe yote, dada, sitakudanganya. Ila lile la utotoni silo lako, litoe kifuani.

Fomu ya kukabidhi nilikuwa nimeshaisaini. Ilikuwa nzuri, hata Koplo mwenyewe angeikubali. Nimeichoma jikoni. Najua siku hizi kuna simu, ningeweza kumpigia akirudi nikamweleza. Lakini kabla ya simu angeonyeshwa kwanza ile karatasi, na angeisoma peke yake, mbele ya watu, kama baba. Siwezi kumfanyia hivyo. Kama atarudi baada ya mwezi au baada ya mwaka, nitakuwa hapa. Na kama hatarudi, watakuja kuniambia hapa. Hiyo ndiyo jela yangu na nimeichagua.

Lakini sikuchagua kukaa bila mwanangu.

Wiki iliyopita nilikwenda ofisini na ile fomu nyingine, ya kuongeza mtoto. Nilikuwa nimeisaini pia. Sijui niliingiwa na nini, labda nilitaka tu wanifunge yaishe. Nikaiweka mezani. Karani aliiangalia. Mtu yule hajawahi kuniambia neno lolote nje ya kazi, miezi sita anasoma mambo yangu yote na uso mkavu. Safari hii akavua miwani.

"Ile familia ya kwenye barua ya dada yako," akasema. "Yule baba alirudi baada ya wiki saba?"

"Ndiyo."

"Na karani wa pale alimwonyesha tu karatasi."

"Ndiyo, afande."

Akavuta fomu, akaandika tarehe ya Machi, siku mbili kabla Koplo hajaondoka, akapiga muhuri. "Koplo ana mwandiko mzuri siku hizi," akasema. "Nataka cheti halisi ndani ya faili kabla mkaguzi hajaja mwezi ujao. Kisipofika, mimi na wewe tumekwisha."

Muuguzi anarudi na lori la Agosti. Amekubali kumchukua mtoto. Wewe una cheti, una mtoto, una kila kitu mkononi. Sikulazimishi, siwezi. Najua unachokiogopa, na unachokiogopa ni kweli: hapa ni kubaya. Hakuna darasa, nitamfundisha mimi. Sijui tutatoka lini. Lakini usiniamulie mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa mgongoni.

Tuma, au niandikie kwamba hutatuma. Safari hii niandikie ukweli.

Mdogo wako


Nyumbani, 8 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua hii atakuja nayo muuguzi mfukoni, na cheti kimeshonewa ndani ya bitana ya sweta ya mtoto, upande wa kushoto. Fumua polepole, usikichane.

Ndiyo, siku ya harusi yako nilijua. Nilikuwa na mwaka mmoja tangu nijue.

Kuna mengine nilikuficha. Nilikuandikia kwamba anacheka, na kweli alikuwa anacheka. Sikukuandikia kwamba alikuwa anawaambia wenzake mama yake anakaa kwenye lori. Mara ya mwisho alikuona hapo, basi kwake ndipo unapoishi. Lori lolote likipita, hata la mchanga, anatupa pini zote anakimbilia barabarani. Mwezi wa tano aliacha kukimbia. Tangu hapo amepunguza maneno. Wateja wakija ananyamaza tu chini ya meza. Nilijiambia ni shule, amekua, ameanza adabu. Uliniambia akinyamaza dakika mbili nimpeleke hospitali, mdogo wangu. Amenyamaza miezi mitatu na mimi nilijua dawa iko wapi.

Jana nilimwambia kwamba anakuja kwako. Hakuruka. Aliniuliza kama lori litasimama safari hii. Nikamwambia litasimama, na mama yako atakuwa amesimama chini, siyo juu. Akaniuliza kama nina uhakika. Tafadhali uwe umesimama chini, mahali atakapokuona kabla hajashuka.

Analala upande wa ukutani. Hapendi kuchanwa nywele akiwa na njaa. Jino la mbele linatikisika, usilivute. Sketi za shule nimempa zote mbili, avae akisoma na wewe, atajiona yuko darasani. Daftari ziko sita na penseli dazeni moja. Nimeshusha pindo.

Akikuuliza kwa nini mama mkubwa hakupanda naye, usinitafutie sababu za kazi. Mwambie mama mkubwa aliogopa geti. Ataelewa, naye anaogopa mbuzi.

Leo asubuhi nimempandisha mwenyewe. Muuguzi amemkalisha katikati, mbele, kwenye kiti. Naandika nimeegemea mlango wa lori, dereva anapiga honi, na mwanao ameanza kumweleza dereva jinsi ya kuendesha. Mkae naye. Shemeji akirudi, akute watu.

Dada yako